Lisemwalo lipo? Basi leta risiti

Leo nina ugomvi na pande mbili kwa mpigo.

Upande wa kwanza ni wa wale wanaosambaza kila wiki kwamba kitambulisho kipya cha serikali ni alama ya mnyama, 666, na kwamba kuna watu wachache mahali fulani wanaopanga dunia yote kupitia kompyuta. Upande wa pili ni wa wenzangu wa kazi ya kuandika programu, ambao wakiona ujumbe wa namna hiyo huucheka, huwaonyesha marafiki, halafu basi, wamemaliza. Mimi nasema pande hizi mbili, bila kujua, zinamfanyia kazi mtu mmoja. Zinamlinda yule mwenye jambo la kuficha. Wa kwanza wanauliza swali lisilo na jibu, wa pili hawaulizi lolote, na swali la maana linabaki limelala pale katikati kama jiwe barabarani.

Najua kuna watakaosema ninamtetea shetani, na wengine watasema ninatetea ushamba. Someni kwanza hadi mwisho.

Tukumbushane kidogo, maana Wakenya tunasahau haraka. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha moja ya zile sheria za marekebisho madogo madogo, zinazobeba mambo mengi katika gunia moja. Ndani ya gunia hilo mlikuwa na kifungu kilichounda mfumo wa kitaifa wa utambulisho, NIIMS kwa kifupi. Mtaani tuliujua kwa jina la Huduma Namba. Kifungu kilianza kufanya kazi Januari 2019. Tarehe 2 Aprili 2019 Rais Uhuru Kenyatta akazindua usajili wa nchi nzima kule Machakos. Muda ulikuwa uishe tarehe 18 Mei, ukasogezwa hadi tarehe 25 Mei, na mwishowe serikali ikasema watu zaidi ya milioni 35 wamejiandikisha.

Mimi ninaishi Ruiru na kazi yangu iko Thika, kwa hiyo foleni hizo niliziona pande zote mbili. Na pamoja na foleni ulikuja uvumi. Kwamba namba ile ina sita tatu ndani yake. Kwamba ndiyo ile ya kitabu cha Ufunuo, sura ya 13, ambapo mtu hatanunua wala kuuza bila alama. Kwamba ukishaweka kidole kwenye ile mashine, umeshasaini. Ulipita kwenye makundi ya WhatsApp ya ploti, ya chama, ya wazazi wa shule. Ukiuliza umetoka wapi, unajibiwa kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Kuna mama mmoja anayeuza mboga Makongeni, Thika, ambaye nimenunua sukuma wiki kwake miaka mingi. Wakati wa usajili aliniuliza maswali mawili.

"Mwanangu, wewe si ni mtu wa kompyuta? Niambie ukweli, hii namba ni ile ya mnyama?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Ni namba ya kutafutia jina lako tu."

Akafunga sukuma yangu, akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Na wakishaweka vidole vyangu huko ndani, ni nani atakuwa akiviangalia?"

Sasa tazama. Swali la kwanza lilijadiliwa makanisani, redioni na kwenye matatu. Viongozi walilijibu wakicheka. Swali la pili, ambalo mama huyu hakusomea popote, lilikuwa swali bora kuliko yote niliyosikia mwaka ule, na hakuna afisa aliyeulizwa hilo kwenye redio nilizozisikiliza. Walikuwa wanaulizwa kuhusu mnyama.

Nieleze jinsi mambo haya yanavyofanya kazi, kwa lugha ya kawaida. Hifadhidata ni majedwali tu, kama daftari la madeni la mwenye duka. Kila mstari ni mtu mmoja. Ili kompyuta isimchanganye Wanjiku wa Kimbo na Wanjiku wa Kiandutu, kila mstari hupewa namba isiyojirudia. Kitambulisho chako cha zamani kina namba. PIN ya kodi ni namba, hata kama ina herufi. Laini yako ya simu ni namba. Hakuna uchawi hapo. Ikitokea namba ina sita tatu mfululizo, ni bahati ya hesabu, kama inavyotokea kwenye namba za magari.

Hatari iko kwingine. Kwa miaka mingi majedwali hayo yalikaa mbalimbali: matibabu huku, ardhi kule, kodi kwingine. Karani wa hospitali hakuweza kuona shamba lako. Ukishaweka namba moja inayopita katika majedwali yote, unaweza kuyaunganisha kwa mstari mmoja wa programu. Mistari ya namna hiyo ninaiandika kazini kila wiki, haimalizi dakika tano. Kuanzia hapo mtu mmoja mwenye nenosiri anaweza kujua unaishi wapi, unaumwa nini, unamiliki nini na watoto wako wako wangapi. Na tofauti na nenosiri, kidole chako hakibadilishwi. Likiibwa nenosiri la barua pepe utaweka jingine jioni hiyo hiyo. Ikiibwa alama ya kidole, utapata kidole kingine wapi?

Kwa hiyo kwenye mfumo wowote wa aina hii kuna maswali matatu tu ya kuanzia. La kwanza, ni nani anayeruhusiwa kusoma? La pili, kila anaposoma, je, jina lake na saa vinaandikwa mahali ambapo yeye mwenyewe hawezi kufuta? La tatu, akisoma bila ruhusa, ni sheria gani itamshika?

Mwezi wa Aprili 2019, wakati watu wamepanga foleni, Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data. Naam, umesoma vizuri. Sheria hiyo ilitiwa saini Novemba 2019, miezi mitano na zaidi baada ya vidole kukusanywa. Kamishna wa kwanza wa kulinda data, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Tulijenga ghala, tukajaza mahindi, halafu ndipo tukaanza kutafuta kufuli.

Na kile kifungu chenyewe kilisemaje? Kiliorodhesha mambo ambayo mfumo ungeweza kukusanya: alama za vidole, umbo la mkono, umbo la ndewe ya sikio, mboni ya jicho, sauti, DNA, na hata vipimo vya GPS vya mahali unapoishi. Ilikuwa imechapishwa, mtu yeyote angeweza kuisoma. DNA yako na ramani ya nyumba yako! Hakuna mwandishi wa uvumi aliyeweza kubuni jambo la kutisha kuliko lile ambalo Bunge lilikuwa limeshalipitisha mchana kweupe. Lakini halikuwa na mnyama ndani yake, kwa hiyo halikusambaa.

Nani alilizuia? Si wale wa 666. Ni Nubian Rights Forum, Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, waliokwenda Mahakama Kuu na karatasi zao. Wanubi wanajua kitambulisho ni nini, maana kwa miaka mingi vijana wao walipitishwa kwenye kamati za uchunguzi kabla ya kupewa. Hofu yao ilikuwa ya kawaida kabisa: kama kila huduma itategemea namba moja, na namba inategemea kitambulisho ambacho mimi nanyimwa, nitaishi vipi? Tarehe 1 Aprili 2019, siku moja kabla ya uzinduzi, majaji watatu wakaagiza usajili usiwe wa lazima, usiwe kigezo cha kupata huduma, na DNA na GPS visiguswe. Tarehe 30 Januari 2020 wakatoa hukumu kamili: kukusanya DNA na GPS ni kinyume cha Katiba, na mfumo usiendelee hadi kuwe na kanuni za kutosha. Kisha Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema tena kwamba kuanza kutoa kadi bila kwanza kupima athari zake kwa data za watu kulikuwa kinyume cha sheria.

Mmoja wa mashahidi waliowaeleza majaji hatari ya kuweka kila kitu ndani ya hifadhidata moja alikuwa mtaalamu wa usalama wa kompyuta kutoka India, nchi ambayo imeishi na mfumo kama huo, Aadhaar. Alieleza kwa utulivu jinsi seva zinavyofanya kazi. Nami nawauliza wenzangu wa Ruiru na Thika mnaojua seva kuliko mnavyojua shamba la babu: wakati huo mlikuwa mkiandika nini?

Sasa tuje kwenye kichwa cha binadamu. Kwa nini swali bovu lilishinda swali zuri?

Sababu ya kwanza ni kurudiarudia. Mwaka 1977 wanasaikolojia watatu wa Marekani, Lynn Hasher, David Goldstein na Thomas Toppino, waliwapa wanafunzi orodha ya kauli, nyingine za kweli na nyingine za uongo, wakawauliza wanaziamini kiasi gani. Wakarudia baada ya wiki mbili, na tena baada ya wiki mbili nyingine, huku baadhi ya kauli zikijirudia. Kauli zilizojirudia zikaaminiwa zaidi, hata za uongo. Akili huchukua wepesi wa kutambua jambo na kuufanya ushahidi wa ukweli. Sasa mtu wa Ruiru ambaye yumo ndani ya makundi manane ya WhatsApp atapata ujumbe ule ule mara nane kabla ya saa nne asubuhi, kutoka kwa watu wanane anaowaheshimu. Kwake si uvumi mmoja tena, ni mashahidi wanane. Hajui kwamba wote wamekopi kutoka chungu kimoja.

Sababu ya pili ni kukosa usukani. Mwaka 2008 Jennifer Whitson na Adam Galinsky walichapisha majaribio kwenye jarida la Science. Waliwafanya watu wajihisi hawana mamlaka juu ya mambo yao, kisha wakawaonyesha picha zilizojaa vitone ovyo ovyo. Watu hao waliona maumbo ambayo hayakuwepo, na pia walikuwa wepesi zaidi kuona njama katika hadithi walizosimuliwa. Sihitaji kwenda maabara kulielewa hilo. Ruiru ilikuwa na watu kama 239,000 katika sensa ya 2009. Sensa ya 2019 ikakuta zaidi ya 490,000. Mji umezidi mara mbili kwa miaka kumi. Karibu kila mtu ni mgeni, amenunua kiploti bila kuwa na uhakika wa hati, analipia maji yasiyofika, na hajui ofisini amwone nani. Mtu wa namna hiyo ukimwambia "jiandikishe, utajua mbele ya safari," atajijazia mwenyewe yale ambayo hukumwambia. Kimya cha ofisi ndicho mbolea ya uvumi.

Sababu ya tatu ndiyo inayonigusa mimi kama mwandishi wa programu. Mwaka 1960, Peter Wason wa London aliwapa watu namba tatu, 2, 4, 6, akawaambia zinafuata kanuni fulani, waitafute kwa kutaja namba nyingine tatu tatu, naye atasema kama zinafuata kanuni au la. Wengi wakawaza: aha, zinaongezeka kwa mbili. Wakajaribu 8, 10, 12. Ndiyo. Wakajaribu 20, 22, 24. Ndiyo. Wakatangaza kanuni kwa majivuno, na wakakosea. Kanuni ilikuwa namba zozote zinazopanda. Hata 1, 7, 500 ingepita. Lakini hawakujaribu 1, 7, 500, kwa sababu kila mtu alijaribu tu mifano ya kumthibitishia alichokwisha kuamini.

Kila anayeandika programu anajua ugonjwa huu. Ukiijaribu programu yako kwa data nzuri peke yake, hujaijaribu. Lazima uiwekee jina lenye herufi za ajabu, tarehe ya kuzaliwa ya mwaka 1890, pesa hasi, uone kama itaanguka. Kujaribu ni kutafuta kuanguka. Uvumi wa njama hauna kipimo cha kuanguka. Serikali ikilazimisha namba, unaona, ndio wao. Serikali ikisitisha, unaona, wameshtukiwa. Ikikaa kimya, wanapanga. Ukimkuta mtu wa namna hiyo usibishane naye kuhusu Ufunuo, yeye anaujua kuliko wewe. Muulize jambo moja: ni kitu gani kikitokea utakubali kwamba hii si kweli? Kama hakuna, basi hana habari ya kukupa. Ana hofu, na hofu ni kitu cha kuhurumiwa, si cha kusambazwa.

Ndiyo maana uvumi huu haufi. Zamani ulikuwa kwenye ile mistari myeusi ya paketi za bidhaa. Bidhaa ya kwanza kusomwa kwa mistari hiyo dukani ilikuwa chingamu, huko Ohio, Marekani, tarehe 26 Juni 1974. Haukupita muda mrefu watu wakasema kuna 666 mle, kwa sababu kuna jozi tatu za mistari, mwanzo, katikati na mwisho, zinazofanana na jinsi tarakimu 6 inavyochorwa upande wa kulia. Ukweli ni kwamba mistari hiyo inaiambia mashine namba inaanzia wapi, imegawanyika wapi na inaishia wapi. Mashine haiisomi kama sita. Leo tunanunua unga wenye mistari hiyo Thika nzima na hakuna anayekemea. Je, uvumi uliomba radhi? Wapi! Ulihamia kwenye kadi, kisha kwenye chipu, kisha kwenye chanjo, kisha Huduma Namba. Serikali ilipoleta Maisha Namba mwaka 2023, nayo ikaishia mahakamani, ujumbe wa zamani ukabadilishwa jina tu na kurushwa tena.

Na je, hofu hiyo imewahi kumlinda mtu? Julai na Agosti 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu KICC Nairobi, wakaiachia kampuni ya kigeni, Worldcoin, ipige picha za mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya shilingi kama 7,000. Macho! Nchi ile ile iliyojaa mahubiri ya 666. Uvumi uliwafundisha watu kuogopa tarakimu, haukuwafundisha kuuliza data inakwenda wapi. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2023. Mei 2025, baada ya Katiba Institute kwenda mahakamani, Mahakama Kuu ikaiagiza kampuni ifute data hizo. Umeona tena ni nani aliyefanya kazi? Watu wenye hati za kiapo.

Sasa zamu ya wanaocheka.

Ninyi mnasema watu wanaoamini haya ni wajinga. Mimi nasema hamjui historia ya barabara mnayopita kila siku. Mashamba ya kahawa na mkonge yaliyozunguka Thika na Ruiru yalilimwa na wanaume waliolazimishwa kubeba kipande. Kuanzia mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea nacho, ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mliandikwa jina, wilaya, mwajiri na mshahara wake. Na mlikuwa na nini tena? Alama za vidole! Ukiacha kazi bila mwajiri kusaini, ungekamatwa. Kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1940. Mzee wa Kiambu akisikia serikali inataka vidole vyake, haanzi na Biblia. Anaanza na shingo ya baba yake. Biblia inakuja baadaye kumpa maneno.

Kushuku si ujinga. Nchi hii imetupa kila sababu. Kumbukeni Anglo Leasing. Mkataba wa mitambo ya kutengeneza pasipoti, ambao kampuni ya Ufaransa ilikuwa imeutajia bei ya euro milioni 6, ulipewa kampuni iliyoitwa Anglo Leasing kwa euro milioni 30. Kampuni yenyewe ilikuwa hewa tu. Ilijulikana mwaka 2004. John Githongo, aliyekuwa katibu wa maadili serikalini, akajiuzulu mwaka 2005 na kukimbilia Uingereza. Na mwaka 2014 serikali bado ikalipa shilingi kama bilioni 1.4 kuhusiana na mikataba ya Anglo Leasing. Hiyo ilikuwa njama, njama halisi, tena kuhusu vitambulisho na kompyuta.

Lakini angalieni ilivyokuwa. Haikuwa na mnyama wala jamii ya siri iliyoanza karne kadhaa zilizopita. Ilikuwa na ankara, bei iliyozidishwa mara tano, saini, na anwani ambayo ukiifuata humkuti mtu. Waliohusika walikuwa wachache na walitaka pesa. Mtu mmoja wa ndani alizungumza. Hivyo ndivyo njama za kweli zilivyo: ndogo, za kuchosha kusoma, na zimejaa karatasi. Njama ya uongo ni kubwa, inaeleza kila kitu, na haina hata risiti moja.

Huo ndio mstari wangu, na ninauchora kwa kalamu nene. Sisemi "waamini wataalamu, nyamazeni." Wataalamu ndio waliotaka DNA na GPS. Ninasema shukuni, lakini shukuni kama mkaguzi wa hesabu, si kama mpiga ramli.

Harry Thuku, mwana wa Kiambu, alionyesha tofauti hiyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Siku hizo Nairobi na Kampala kulikuwa na uvumi kwamba wazimamoto hukamata watu usiku na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 2000. Uvumi ule ulibeba uchungu wa kweli, maana watu walikuwa wakinyonywa. Lakini haukumtoa mtu yeyote kipande shingoni. Thuku na wenzake walitaja vitu kwa majina: kipande, kodi ya nyumba, mishahara iliyokatwa, wanawake na wasichana waliolazimishwa kazi. Wakayapeleka London kwa telegramu mwaka 1921. Thuku alikamatwa Machi 1922, na polisi wakawapiga risasi watu waliokusanyika kumdai, wakaua zaidi ya 20. Serikali ya kikoloni haikuogopa hadithi za damu. Iliogopa orodha.

Basi tufanye nini? Kwa wale wa kusambaza: kabla ya kubonyeza, uliza ni nani aliyeona, ni karatasi gani, ni tarehe gani. Kama huna hata kimoja, usiniambie lisemwalo lipo. Kupita kwenye makundi manane si kuwepo.

Kwa wenzangu wa programu: acheni kucheka. Mtu akikuuliza kuhusu 666, usimpe hotuba ya sayansi. Mjibu kwa heshima kwamba sivyo, kisha mpe lile swali lililo bora. Mwambie Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa haki ya kujulishwa data zake zinatumiwa kwa nini, kuziona, kusahihishiwa za uongo, na kukataa zisitumiwe. Mwambie kuna Kamishna wa data wa kupelekewa malalamiko, na msaidie kuandika hiyo barua. Wewe unajua kusoma mfumo kama fundi anavyojua kusoma injini. Ujuzi huo ukibaki ofisini kwako, mtaani patajazwa na mnyama.

Na kwa wenye ofisi: mkitaka uvumi uishe, tuonyesheni. Chapisheni mikataba. Semeni seva ziko wapi na nani ana funguo. Chapisheni ile hesabu ya athari kabla ya usajili, si baada ya jaji kuwakemea. Mkinyamaza, msilaumu WhatsApp.

Yule mama wa Makongeni bado anauza mboga, na swali lake la pili bado liko wazi kwa kila mfumo mpya unaoletwa: ni nani atakuwa akiviangalia? Anayejua na ajibu, kwa maandishi, na aweke saini.